Usimbebe kome: namna ya kusafisha mtumbwi, nyavu, pampu na maji ya vifaranga kabla hujahamia ziwa lingine

Nimeamua kuiandika hii yote sehemu moja kwa sababu kila nikikaa na wavuvi wa Rutamba au wenye mabwawa ya samaki kule Mtama naulizwa maswali yaleyale ya namna ya kumzuia kome mgeni asibebwe na vifaa vyetu, na kujibu kipande kipande kwenye simu kunaacha mambo mengi nje. Ni mwongozo wa yeyote anayetoa kitu kilicholowa kwenye maji ya sehemu moja na kukipeleka maji ya sehemu nyingine, iwe mtumbwi, jarife, pampu ya kumwagilia au mfuko wa vifaranga vya samaki. Vifaa unavyo tayari nyumbani, brashi ngumu, ndoo mbili, sufuria kubwa, jua letu la Lindi, na subira ya siku kadhaa ambayo kiukweli ndo ngumu kuipata kuliko vyote.

TUNAMZUIA NANI

Aliyekulia Mikindani anajua chaza wanavyoshika mizizi ya mikoko, kumbandua mmoja mpaka upige na chuma. Sasa wapo kome wadogo wa maji baridi wenye tabia hiyohiyo ya kushika, ila wao wanaishi maziwani na mitoni. Anayejulikana zaidi duniani ni kome milia, kwa kitaalamu Dreissena polymorpha, asili yake ni mito na maji ya kuzunguka Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Mwaka 1988 alikutwa Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, alifika ndani ya maji ya balasti, yaani yale maji ambayo meli isiyo na mzigo inayabeba tumboni ili isiyumbe baharini. Meli ikifika kupakia mzigo inayamwaga, na vilivyomo vyote vinamwagika nayo.

Kilichofuata ndo sababu ya mwongozo huu. Kutoka yale maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini kome aliingia kwenye maziwa madogo ya ndani kabisa, ambayo hayajawahi kuona meli wala hayaungani na mto wowote mkubwa. Alipelekwa na watu wa kawaida tu, watu wanaovua wikiendi, wanafunga boti nyuma ya gari na kesho yake wanaishusha ziwa lingine. Maji kidogo chini ya boti, majani yaliyong'ang'ania kwenye nanga, ndoo ya chambo, basi. Ziwa moja baada ya lingine.

Kuna na mwenzake, kome wa dhahabu, Limnoperna fortunei, asili yake China na Asia ya kusini mashariki, na huyu ndo ananinyima usingizi zaidi. Mwaka 1991 alikutwa mlango wa Río de la Plata kule Argentina, na kufikia 2001 alishapanda mto mpaka bwawa la umeme la Itaipu, mpakani mwa Brazili na Paragwai, akipanda kwa kubebwa na vyombo maana mwenyewe hawezi kuogelea kupingana na mto. Oktoba 2024 akatangazwa kupatikana California. Namtaja kwa sababu kome milia hapendi maji ya moto sana, huyu wa dhahabu maji ya joto kwake ni nyumbani, kwa hiyo mtu asikwambie eti joto la kusini litatulinda.

Ukubwa wao ni mdogo, wengi sentimita mbili au tatu. Jike mmoja wa kome milia anaweza kutoa mayai mpaka milioni moja kwa mwaka. Watoto wao ni kama moja ya kumi ya milimita, maana yake kumi wakijipanga mstari ndo wanafika milimita moja, wanaelea majini wiki mbili, tatu, hata zaidi, kabla hawajatafuta pa kushika. Kwa macho huwaoni. Unaweza kuchota maji meupe kabisa kwenye kikombe ukaamini ni masafi kumbe umebeba ukoo mzima.

Na wakishaingia wanafanya nini? Kila mmoja anachuja karibu lita moja ya maji kwa siku, sasa piga hesabu ya makumi ya maelfu kwenye mita moja ya mraba. Maji yanakuwa maangavu, watu wanafurahi mwanzoni, wanasema ziwa limetakata. Kumbe kilichoondoka ni vile vijimea vya kijani ambavyo ndo chakula cha vidagaa na cha watoto wa samaki. Mwanga unafika chini, magugu yanapanda, na aina fulani ya ule mwani wenye sumu kome anautema haumezi, kwa hiyo unabaki bila mpinzani. Kome wa asili wa ziwa wanafunikwa na hawa wageni mpaka wanashindwa kufungua magamba, huko St. Clair wale wa asili waliisha karibu wote. Mabomba ya maji yanazibwa. Na magamba makavu ukingoni yanakata nyayo za watoto kama chupa.

KWA NINI HUKU KWETU

Maziwa yetu ni madogo na kila moja lina vitu vyake. Chukulia Rutamba, Nambawala na Mitupa, haya maziwa ya karibu na Lindi, watafiti wa samaki walikuta humo perege aina ya Oreochromis korogwe, ambaye kabla ya hapo alikuwa anajulikana kaskazini huko upande wa Pangani na Zigi. Samaki wa namna hiyo mbali vile na ndugu zake ni hazina. Na palepale wakaona perege wa kuletwa wameshaanza kuchanganyika damu na wa asili. Yaani mgeni mmoja alishabebwa akamwagwa, hatujazuia, sasa tunazungumzia asiongezeke mwingine.

Afu kuna bandari ya Mtwara. Miaka ya karibuni makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapita pale kwenda nje, na meli ya kuja kupakia makaa inakuja tupu, na meli tupu inakuja na balasti. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ulianza kufanya kazi Septemba 2017, ni jambo zuri na mamlaka walisimamie kwa nguvu zote, ila wewe na mimi hatuko bandarini. Sisi tuko ukingoni mwa ziwa na ndo sehemu tunayoweza kuilinda.

Mzee mmoja pale Rutamba aliniuliza, "Mwanangu, ziwa letu halina meli, huyo kome atapita wapi?" Nikamjibu, mzee, yeye hapiti, anabebwa. Tukaenda kuangalia mtumbwi wake aliokuwa ameununua kutoka kwa mtu wa bwawa lingine. Ndani kulikuwa na maji kama lita tano hivi yanachezacheza, kwenye ufa wa ubavuni kuna majani ya majini yamejibana bado mabichi, na kamba ya nanga imeviringishwa ikiwa imelowa chini ya ubao. Mtumbwi ule ulikuwa umesafiri siku mbili juu ya fuso. Hakukuwa na kome, namshukuru Mungu, ila kila kitu ambacho kome angehitaji ili afike akiwa hai kilikuwepo.

HATUA YA KWANZA: JUA KUMTOFAUTISHA

Hii usiiruke, maana tusije tukaua kome wetu wa asili kwa bidii. Wapo kome wa asili kwenye maji yetu na wanasaidia kusafisha ziwa. Wa asili mara nyingi unamkuta amejizika nusu kwenye tope au mchanga, amekaa peke yake, ukimvuta anatoka bila kubishana. Kuna na chaza wa mtoni ambaye amegandia kwenye mwamba kama saruji, gamba lake halina umbo la kueleweka, huyo naye ni wa Afrika.

Mgeni anashika kwa nyuzi. Ukimbandua angalia upande wake wa chini, pale magamba yake mawili yanapokutana, utaona kishungi cha nyuzi nyembamba kama ndevu, ndo anazoshikia. Anashika kitu kigumu chochote, ubao, kamba, boya, bomba, jiwe, hata mgongo wa kome mwingine, na wanakaa kwa mafungu wamepandiana. Kome milia ana michirizi ya kahawia na nyeupe, na ukimweka mezani kwa upande wake wa chini anakaa bila kuanguka kwa sababu upande huo ni bapa. Wa dhahabu ana rangi ya kahawia inayong'aa inayoelekea njano. Rangi zinadanganya lakini, zinabadilika, wewe shika la nyuzi: kome wa ziwani mwenye ndevu aliyeshika kitu kigumu, huyo simama naye, usimpite.

Wale wachanga kabisa macho hayawaoni ila kiganja kinawasikia. Pitisha mkono taratibu kwenye ubavu wa chombo ambao ulikuwa laini siku zote. Ukisikia kama unapapasa msasa, hapo kuna kitu kimeanza kuota.

HATUA YA PILI: KAGUA HAPOHAPO UKINGONI

Usisubiri ufike nyumbani, na usikague kwenye ziwa unalokwenda, kagua kwenye ziwa unalotoka. Toa mtumbwi majini, uinamishe, anza na sehemu za kivuli na za kujificha maana kome hapendi kukaa uchi. Ndani ya nyufa, pale kwenye kalafati iliyoanza kutoka, chini ya mbao za kukalia, kwenye tundu la kupitishia kamba. Kama una injini angalia kwenye mdomo wa kunyonyea maji na kuzunguka pangaboi. Kasia nalo, kwenye ufa wa bapa lake.

Nyavu zikung'ute. Magugu yote toa kwa mkono, hata unyasi mmoja, maana watoto wa kome wanapenda sana kushika kwenye majani na jani moja bichi linabeba wengi. Hayo magugu usiyarudishe majini wala usiyaache ukingoni mawimbi yayachukue, yapeleke juu pakavu yakauke. Migono ifungue, ndani kwenye koo la mgono ndo panabaki uchafu.

HATUA YA TATU: MWAGA MAJI YOTE

Kumba maji mpaka tone la mwisho, afu lile la mwisho lifute na tambara. Madumu, ndoo za samaki, kopo la kukumbia, boya lililotoboka likaingia maji (hili watu wanalisahau mno, litikise usikie). Yamwage kwenye nchi kavu mbali na ukingo, sehemu ambayo hayatateremka kurudi ziwani wala kwenye mfereji. Maji ya chambo usihamie nayo, na chambo kilichobaki kikiwa hai usikimwage ziwa jipya.

HATUA YA NNE: SUGUA, NA MAJI YA MOTO

Brashi ngumu na maji ya kisima au bomba, sugua nje na ndani. Brashi ya plastiki ya kufulia inatosha, ila kwenye nyufa tumia ya waya au kijiti kilichochongwa.

Baada ya kusugua ndo maji ya moto. Kome mkubwa na mtoto wake wote wanakufa kwenye maji ya nyuzi joto 60, na kwa vile hamna mtu anatembea na kipimajoto huku ziwani nakupa kipimo cha sufuria: sufuria mbili za maji yanayochemka kwa sufuria moja ya maji ya baridi. Hapo unakuwa juu ya 60 hata ndoo na nyavu zikinyonya joto kidogo. Nyavu zitumbukize, ziloweke dakika tano, uzigeuze ili katikati ya fungu pia pashike moto. Kamba nazo hivohivo, na kamba ni ya kuheshimu kuliko zote kwa sababu ndani ya nyuzi zake kunabaki unyevu wakati nje unaiona kavu. Mtumbwi hauwezi kuutumbukiza, kwa hiyo mwagia polepole kwenye nyufa na maungio, usirushe mara moja ukaona umemaliza. Watoto wakae mbali, vaa viatu, na mpira wa injini na plastiki laini usizimwagie yanayochemka moja kwa moja.

Watu wananiuliza kuhusu jiki. Sitaki jiki ukingoni mwa ziwa, inaua samaki na wadudu wao, na ikishamwagika huwezi kuizoa. Maji ya moto yakipoa yanabaki maji tu.

Wengine wananiambia wao wanapitisha chombo baharini chumvi itaua. Chumvi ya bahari kweli hawaiwezi, ila kome mzima anafunga gamba lake kimya anasubiri shida ipite, kwa hiyo kutumbukiza mara moja pale Lindi mjini na kuendelea na safari hakutoshi.

HATUA YA TANO: ANIKA

Hapa ndo tunakosea wengi kwa haraka. Kome mkubwa anaishi nje ya maji siku kadhaa, na kwenye ubaridi na unyevu anaweza kufika wiki tatu. Kiangazi chetu, Juni mpaka Oktoba, ni baraka: anika siku tano nzima za jua kali, kitu kikiwa kimetandazwa, sio kimerundikwa. Nyavu iliyorundikwa juu inakauka chini inabaki na maji. Itandaze kwenye uzio, igeuze kila siku. Hesabu inaanza siku kilipokauka kabisa, ukigusa katikati mkono ukarudi na unyevu basi anza upya.

Masika usitumie hesabu hiyo. Mvua zikianza Desemba mpaka zinaisha, jua linatoka kwa muda wa saa mbili tu linaondoka, kwa hiyo tegemea maji ya moto kwanza afu kaa na kifaa ndani pakavu wiki tatu mpaka mwezi. Najua ni muda mrefu kwa mtu anayekula kwa nyavu hizo. Suluhisho ambalo nimeona linafanya kazi ni kila ziwa kuwa na vifaa vyake. Mkiwa kikundi au BMU yenu (kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi) ipo hai, nunueni nyavu za kikundi ambazo hazitoki ziwa hilo, na mgeni akija kuvua anakodi mtumbwi wa palepale, wake anauacha. Mwenye mtumbwi anapata hela na ziwa linapona.

HATUA YA SITA: PAMPU

Pampu za petroli za kumwagilia bustani na mpunga zinazunguka sana, leo iko Kitere kesho imeazimwa kwa shemeji kijiji kingine. Ukizima pampu huwa inabaki na maji tumboni, na mpira wa kunyonyea unabaki na maji kwenye kila tumbo la mkunjo.

Fungua nati ya chini ya pampu inayotoa maji, iache wazi. Mpira wa kunyonyea unyanyue upande mmoja utembee nao mkononi mpaka mwisho ili maji yatoke yote, afu utundike kwenye mti wima usiku kucha. Chujio la mwisho wa mpira lifungue, kile kichujio chenye matundu ndo nyumba ya kwanza ya kome, kichemshe kama ni cha chuma au kiloweke kwenye yale maji yako ya sufuria mbili kwa moja. Kwenye valvu ya chujio kuna kijipira kinachofunga na kufungua, nyuma yake panabaki maji ya kijiko kimoja, yatoe. Kwa macho yetu kijiko kimoja si kitu.

HATUA YA SABA: MAJI YA VIFARANGA

Hili lilinipata mwenyewe. Nilinunua vifaranga vya perege kwa ajili ya bwawa langu, vikaja kwenye mifuko ya oksijeni vikiwa vizima kabisa, nikafurahi nikafungua mifuko nikamwaga bwawani samaki na maji yake yote. Miezi kama minne baadaye nikaanza kuona konokono wadogo kwenye majani ya ukingoni. Bwawa lile nililichimba mwenyewe sehemu kavu, maji ni ya kisima, hakukuwa na pengine pa kutokea isipokuwa ule mfuko. Na konokono wa majini baadhi yao ndo wanabeba kichocho, ugonjwa ambao Lindi na Mtwara tunaujua vizuri, na wanangu walikuwa wanaingia mle kunisaidia kuvua. Nilikausha bwawa lote, nikapoteza msimu. Aliyeniuzia sidhani alijua, na mimi sikuuliza. Angekuwa kome badala ya konokono, na bwawa langu lina mfereji wa kutolea maji unaoelekea bondeni, ingekuwa habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Kabla ya kulipa namuuliza muuzaji maji yake yanatoka wapi, kisima au mto au ziwa, nataka ya kisima. Kama unaweza kuchukua kwenye kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, huku kwetu kipo Nyengedi, chukua huko, na bado fuata hatua hizi.

Mfuko ukifika uuweke uelee bwawani ukiwa umefungwa, dakika 15 mpaka 20, joto lilingane. Afu utoe nje. Weka beseni mbali na bwawa, juu yake weka wavu laini, fungua mfuko umimine taratibu. Samaki wanabaki kwenye wavu, maji yanaingia kwenye beseni. Haraka wahamishie kwenye ndoo ya maji yako mwenyewe, wasuuze mara moja, wahamishie ndoo ya pili yenye maji mengine yako, ndo waende kwenye tangi au kidimbwi cha pembeni. Wakae hapo wiki mbili au tatu huku unaangalia kuta za tangi kwa kiganja. Maji ya beseni yamwage juani kwenye ardhi kavu, mbali na mfereji.

Na usipeleke vifaranga ziwani. Hata ukiona ziwa limepungua samaki na una nia njema, ongea na afisa uvuvi kwanza, kumwaga samaki wa kuletwa kwenye maji ya asili ni kitu cha kuombewa ruhusa na Rutamba tumeshaona matokeo yake.

HATUA YA NANE: TEGA KIPANDE CHA BOMBA

Hii ni ya kujua mapema. Chukua kipande cha bomba la plastiki la urefu wa mkono, kikwaruze na msasa ili kishikike, kifunge kamba na jiwe, kining'inize kwenye kina cha mita moja mpaka tatu pale mitumbwi inapotia nanga, au pale gari zinaposhuka kuchota maji. Funga alama ili mtu asikiokote. Kila mwezi kitoe, kiangalie, kipapase, kirudishe. Kazi ya dakika tano. Ipeni shule ya kijiji, klabu ya mazingira, watoto wanaifanya kwa uaminifu kuliko sisi wakubwa, na waandike tarehe kwenye daftari hata siku ambayo hawakukuta kitu.

UKIMKUTA

Usimrudishe majini, usimpe mtu akaonje, usitangaze sehemu nyingine kwa kumpeleka mkononi akiwa hai. Piga picha tatu, akiwa ameshika, akiwa pembeni ya sarafu ya shilingi 200 ili ukubwa uonekane, na upande wa chini wenye nyuzi. Chukua lokesheni kwenye simu. Mtie kwenye chupa yenye spiriti ya duka la dawa, andika tarehe na jina la sehemu kwa penseli kwenye kikaratasi ukitumbukize humohumo. Mpigie afisa uvuvi wa kata au wilaya siku hiyohiyo, na ombeni taarifa ifike TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi.

Wakati mnasubiri, hakuna mtumbwi, pampu wala nyavu inayotoka ziwa hilo. Na mtu asimwage sumu. Narudia, asimwage sumu, kome atafunga gamba na samaki ndo watakaoelea.

Kwa nini haraka: Machi 1999 kule Darwin, Australia, walimkuta kome wa mistari myeusi, Mytilopsis sallei, wa ukoo mmoja na kome milia, kwenye marina tatu, yaani bandari ndogo za kuegesha boti. Ukaguzi wa miezi sita nyuma haukuwa umemuona. Walifunga marina zile wakaweka klorini na salfeti ya shaba, kilichokuwemo karibu chote kikafa, ikawagharimu zaidi ya dola milioni mbili za Australia, na walifaulu kwa sababu waliwahi na sehemu yenyewe ilifungika. Virginia, Marekani, mwaka 2006 walimuua kome milia kwenye shimo moja la zamani la kuchimbia mawe lililojaa maji, kama ekari 12, kwa potasiamu kloraidi, kazi ya wiki tatu. Shimo tu, halina mto. Yale maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini alikoingilia wamekaa naye tangu 1988 na bado yupo.

Wale wa Rutamba mliosema mnataka kuanza na kipande cha bomba, kamba za manila ninazo kama mita 30 zimebaki, nitakuja nazo Jumamosi, wekeni tu vipande vya bomba tayari na msasa.